Asili ya zulia iko mgongoni

Kwa miaka mitano kazi yangu ilikuwa kubeba mazulia katika stoo moja mjini Doha, na niseme kweli, ya Nepal niliyachukia kabla sijayapenda. Ni mazito. Zulia la mashine la mita tatu kwa nne mnalikunja, mnaliegemeza ukutani, mnalisahau. La Nepal la kipimo hichohicho kiuno kitakukumbusha wiki nzima. Na kila moja lilikuja na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, kikisema kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba limefumwa kwa mkono, kwa kufuata utamaduni wa kale na maumbile ya milima ya Himalaya.

Siku moja nikamsomea mama kwa simu. Mama yangu ni msukaji wa mikeka, Pemba, na kwa kuwa kikaratasi kilikuwa kinasifu kazi za mikono nilidhani kitamfurahisha. Katika kutafsiri nikajikuta nimesema "asili" mara mbili: utamaduni wa asili, uzuri wa asili. Kwetu neno ni hilohilo. Asili ni ulikotoka, asili ni mambo ya mababu, asili ni msitu na maji ambayo hayakuumbwa na mtu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Asili ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kumuuliza kijana niliyekuwa nabeba naye, Mtamang, yaani mtu wa kabila moja la Nepal, kutoka wilaya ya Sindhupalchok, ambaye mkewe alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha Kathmandu. Alikuwa akiniita dai, yaani kaka mkubwa, ingawa tumepishana miaka miwili tu. Hakunijibu kwa maneno. Akashika pembe ya zulia tulilokuwa tumelilaza, akaligeuza. "Usiwe unasoma karatasi, dai. Soma mgongo."

Tangu siku ile nimesoma migongo mingi, na maoni yangu ni kwamba vile vikaratasi vinawaonea waliofuma mazulia hayo. Vinasifu milima na mababu, wala havimtaji mtu aliyekaa kwenye benchi.

Tuanze na hiyo "kale". Biashara ya mazulia ya Nepal na mama yangu ni marika. Mwaka 1959 Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ilipolipuka kwa maasi dhidi ya China na Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, akakimbilia India, maelfu ya Watibeti walivuka milima nyuma yake, na wengine wakaangukia Nepal. Waliacha mifugo na nyumba, ila ujuzi wa vidole hauachwi nyuma. Mwaka 1960, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu na Waswisi, kikafunguliwa kituo cha kufuma Jawalakhel, katika mji wa Lalitpur, ng'ambo ya mto Bagmati ukitokea Kathmandu. Vituo vingine vikafuata, Pokhara na kwenye milima ya Solukhumbu. Waliotafuta soko walikuwa Waswisi, na wanunuzi wa mwanzo walikuwa Ulaya. Kwa hiyo kilichozaliwa pale kilikuwa riziki ya wakimbizi. Mimi naona hiyo ni habari kubwa kuliko ngano yoyote ya karne na karne, lakini hakuna muuzaji anayetaka neno "mkimbizi" lionekane sebuleni kwa mteja.

Hata ukubwa wenyewe si wa kale. Kwao Tibet zulia lilikuwa kitu cha mtu mmoja. Khaden, zulia la kukalia na kulalia, ni kama sentimita 90 kwa 180, sawa kabisa na mkeka wa kulalia mtu. Yalikuwepo ya kutandika chini na juu ya tandiko la farasi, na ya kuviringisha nguzo za monasteri, joka likizunguka nguzo nzima. La kufunika sakafu kutoka ukuta hadi ukuta halikuwa hitaji lao. Hilo ni hitaji la Mzungu mwenye sebule kubwa na baridi ya miguu.

Na kama unataka kitu cha Nepal yenyewe, cha wenyeji wa vilima, basi kipo, na hakikuwahi kuingia kwenye stoo yetu hata kimoja. Kinaitwa radi. Wagurung na jamaa zao wa milimani hufuma sufu ya kondoo wao kwa vipande vyembamba, wanavishona pamoja, kisha wanavimwagia maji moto na kuanza kukanyaga. Wanakanyaga kwa miguu, saa nzima na zaidi, mpaka nyuzi zishikane zikaze na mvua isipite. Mama nilipomweleza alicheka. "Kumbe na wao wana ukili!" Alikuwa na haki. Mkeka wetu nao hauzaliwi mzima: unachana ukindu, unasuka ukili mrefu, halafu ndipo unaushona ukawa mkeka.

Sasa rudi kwenye mgongo wa zulia. Geuza uone vijifundo vimepangana safu kwa safu kama punje za mahindi. Zulia la kawaida la Nepal lina mafundo 60 katika kila inchi ya mraba, zuri zaidi lina 100. Fanya hesabu ya lile letu la mita tatu kwa nne, kwa mafundo 60: yanazidi milioni moja na laki moja. Kila fundo mtu amelifunga.

Ufungaji wenyewe ni wa Kitibeti, haufanani na wa Uajemi. Mitande ya pamba imesimama wima kwenye kitanda kikubwa cha kufumia, na wanawake wamekaa benchi moja, watatu, wanne, kila mmoja na eneo lake. Mbele ya mitande wanaweka fito ya chuma. Uzi wa sufu unazunguka nyuzi mbili za mitande na kuizunguka fito, unaendelea hivyo bila kukatwa mpaka safu iishe. Kisha wanaigonga kwa nyundo ishuke ikae, wanapitisha kisu juu ya fito, na vile vitanzi vyote vinapasuka kuwa manyoya. Fito inatoka, safu nyingine inaanza. Mwenzangu alinambia kiwandani kwa mkewe watu hawasikilizani kwa sababu ya nyundo. Ukimaliza kufuma bado: linakatwa, linasuguliwa kwa maji na dawa, linapigwa kwa ubao, linavutwa kwenye fremu likauke juani, halafu kinyozi wake anapita na mkasi kuchonga kandokando ya ua au wingu ili liinuke. Ndiyo maana likaitwa ghali. (Siteti bei ya dukani. Duka letu lilikuwa na bei za kumtoa mtu machozi, na sehemu kubwa ya bei hiyo haikurudi Kathmandu.)

Sufu je? Iliyo bora hutoka kwa kondoo wa nyanda za juu za Tibet, ndefu, ngumu, yenye mafuta mengi yanayoipa mng'ao na kuikinga na uchafu. Lakini biashara ilipokua haikutosha, ikaanza kuchanganywa na ya New Zealand. Hariri ya kung'arisha petali za maua hutoka China. Rangi za zamani zilikuwa mizizi ya mmea uitwao majitho kwa wekundu, maganda ya tunda la jozi kwa kahawia, nili kwa buluu. Leo kwa sehemu kubwa ni rangi za viwandani, na zilizosifika ni za Uswisi. Wako watu wakisikia hivyo huona wametapeliwa: mkono wa Nepal, fundo la Tibet, kondoo wa New Zealand, rangi ya Uswisi, mchoro wa New York. Asili iko wapi?

Mimi sioni utapeli hapo. Mama yangu rangi ya mkeka anainunua dukani, unga ndani ya kijipakiti, anauchemsha na ukindu kwenye sufuria iliyotoboka masikio. Hakuna aliyewahi kumwambia mkeka wake si wa Kipemba. Kinachoufanya wa Kipemba ni jinsi anavyojua, bila kuhesabu, jicho la pili la nakshi litaangukia wapi.

Ila kipo kitu kimoja ambacho kikiingia kwenye zulia, maneno ya "maumbile ya Himalaya" yanakuwa kweli tupu, nacho ni allo. Ni mmea wa msituni unaowasha, ukikugusa utadhani umeingia kwenye upupu. Wanawake wa kabila la Rai huko mashariki ya Nepal huukata, wanaambua ganda la bua, wanalichemsha na majivu, wanalipondaponda na kulisuuza mtoni, wanalifikicha kwa udongo mweupe nyuzi ziachane, ndipo wanasokota. Zulia lenye allo halina ulaini wa sufu. Lina ukavu fulani, na rangi ya majani makavu. Lilikuja mara tatu au nne kwa miaka yangu yote, na wateja walilipita. Mimi ningekuwa na pesa ningelichukua hilo.

Michoro nayo ina kesi yake. Ya Kitibeti tunaijua: joka na ndege feniksi, simba wa theluji, yungiyungi, fundo lisilo na mwisho, mawimbi yanayopiga mlima upindoni. Halafu kuna haya ya sasa yanayouzwa sana Marekani, kijivu juu ya kijivu, madoa kama ukuta uliovujiwa na mvua, nayo pia kikaratasi kinasema yamefuata maumbile. Mimi siyapendi. Nilipomwambia mwenzangu nikitarajia aniunge mkono, akanishangaza. Mkewe naye hayapendi, lakini wala si kwa sababu ya utamaduni. Joka, alisema, mikono inalijua. Ukishafuma mara kumi unafuma huku unapiga soga. Doa halina mpango. Kila safu lazima uinue macho kwenye mchoro wa vijisanduku uliotundikwa mbele yako, uhesabu, ubadilishe uzi, uhesabu tena. Na malipo ni kwa mita ya mraba. Doa linamla muda, na muda haulipwi.

Tangu hapo nikiona tangazo la zulia "tulivu, la kupumzisha macho" hujiuliza macho ya nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mazulia yalikuwa mstari wa mbele kati ya bidhaa zilizoiingizia Nepal fedha za kigeni, na mnunuzi mkuu alikuwa Ujerumani. Viwanda viliota bondeni Kathmandu kama uyoga, maji ya kusafishia sufu na rangi yakaishia kwenye mito iliyokwisha kuchafuka, na kwenye mabenchi wakakalishwa watoto. Mwaka 1994 televisheni ya Ujerumani ikaonyesha watoto hao, na soko likaporomoka. Viwanda vikafungwa. Hapa najua nitapingwa, lakini wale waliosusia kununua na kuishia hapo hawakumsaidia mtoto yeyote. Walimtoa kwenye benchi wakamwacha barabarani, na mama yake wakamtoa pia. Waliosaidia ni wenye subira ya kukagua. Mwaka huohuo kule India, Kailash Satyarthi, ambaye mwaka 2014 alipata Nobeli ya Amani, alikuwa ameanzisha nembo ya RugMark, ambayo miaka michache baadaye ilifika Nepal na tangu 2009 inaitwa GoodWeave. Wakaguzi wake huingia kiwandani bila taarifa, na lebo yenye namba hushonwa, wapi kwingine, mgongoni mwa zulia. Namba kavu, haina ushairi. Lakini inaweza kukurudisha mpaka kwenye kitanda cha kufumia, jambo ambalo maneno "utamaduni wa kale" hayataweza hata yakiandikwa kwa dhahabu.

Ningependa waende mbali zaidi ya namba. Kwenye stoo ile sikuwahi kuona zulia lenye jina la mfumaji. Mchoraji wa New York jina lake lilikuwepo.

Nilimuuliza mwenzangu kwa nini yeye hakukaa kwenye benchi na mkewe, maana kule wanaume pia hufuma. Akaniambia walikaa wote wawili, kabla ya tetemeko la Aprili 2015. Nyumba ya wazazi ilianguka kijijini, deni la kuijenga likawa kubwa kuliko mita za mraba wanazoweza kufuma watu wawili, akachukua viza ya Qatar. Na hakuwa peke yake: viwanda vya Kathmandu vinalia havina wafumaji kwa sababu vijana wako Ghuba na Malaysia. Basi tulikuwa pale, Mpemba na Mtamang, tunabeba kazi za wanawake wa kwake kwenda kwenye nyumba ambazo sisi hatuvuki kibarazani.

Niliporudi nyumbani nilimletea mama khaden ndogo, yungiyungi jekundu katikati na mawimbi pembeni, niliyouziwa kwa bei ya huruma kwa sababu pembe moja ilikuwa na kasoro. Nikaitandaza ukumbini. Nikaanza kumweleza habari za Lhasa na Jawalakhel. Hakunisikiliza. Aliigeuza kifudifudi, akapitisha kidole gumba kwenye safu za mafundo, akaikuta ile kasoro kabla sijamwonyesha. Kisha akalowesha ncha ya kanga kwenye bilauri ya maji na kulisugua lile ua jekundu kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, akaitazama ncha ya kanga kwenye mwanga wa mlango.

Ilikuwa nyeupe vilevile.

"Hawa," akasema, "wanajua kuchemsha."