Hamburg nasubiri barua, Mombasa nasubiri mtu

Sisi tunaokaa Ulaya tuna tabia moja mbaya: likitajwa jambo la serikali ya nyumbani, twacheka kwanza. Mtu akisema amelipia leseni Mombasa, wengine washamuuliza alitoa chai ya shilingi ngapi. Mimi nasema tuache. Kwa huduma za serikali kwa wafanyabiashara mtandaoni, Kenya imeipita Ujerumani mbali, na anayebisha hajawahi kufungua hata kibanda huku.

Mimi nimefungua. Napika biriani na mahamri kwa sherehe za watu hapa Hamburg. Fomu ya kujiandikisha kwa watu wa kodi hupelekwa mtandaoni, kwa mfumo uitwao ELSTER. Vizuri. Lakini ukishajisajili, namba ya kufungulia akaunti huletwa na posta, ndani ya bahasha. Wakaa umngoje mtu wa posta. Ukishaingia na kujaza fomu, wangoja tena barua ya nambari ya kodi, na hiyo huenda ikachukua wiki kadhaa. Bila nambari hiyo, mteja wa ofisi hakulipi, maana ankara yako haijakamilika.

Nyumbani PIN ya KRA, yaani nambari ya kodi kutoka mamlaka ya kodi ya Kenya, waipata kabla chai haijapoa. Jina la biashara unaliomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa umekaa barazani, walipa kwa M-Pesa, basi. Wala si kwamba serikali yetu ilikuwa na akili nyingi kuliko ya Wajerumani. M-Pesa ilianza 2007, watu wakazoea kulipana kwa simu, na eCitizen ilipokuja 2014 ilikuta njia imeshalimwa. Huku kuna maduka ya mikate mpaka leo hayataki kadi, wewe uje na sarafu zako.

Na bandarini ndiko mabadiliko yalikoonekana zaidi. Ami yangu alikuwa wakala wa kutoa mizigo Kilindini. Twamkumbuka na faili kwapani, kutwa mguu na njia: dirisha hili la ubora wa bidhaa, lile la mimea, lile la forodha, kila mmoja na muhuri wake, na mmoja akiwa ameenda kula, siku imekwisha. Sasa kuna mfumo wa KenTrade, shirika la serikali, na maombi ya vibali kama vya ubora na vya mimea hupitia mlango mmoja wa mtandaoni. Vijana waliomrithi kazi hawajui raha aliyowaachia, wao hulalamika tu mtandao uko chini.

Lakini kuna mahali Wajerumani wametushinda, wala si kwa mitambo.

Dadangu anauza leso Biashara Street. Kuanzia Januari 2024, mfanyabiashara akinunua kitu bila risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, gharama ile haihesabiki kwenye kodi yake. Kwa hivyo wateja wa jumla wakaanza kuidai, na yeye akalazimika kujifunza. Siku moja ameuza leso za shilingi 8,500, kidole kikateleza, risiti ikatoka ya 85,000. Mteja kaenda zake, mauzo yameshaingia kwa serikali. Kufuta huwezi, dawa yake ni kutoa hati ya kupunguza deni inayoitwa kredit noti. Yeye angejulia wapi? Alihangaika siku nzima, akaishia kwa kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, akalipa, akarekebishiwa. Kijana yule ana daftari la kurasa mia lenye PIN na paswadi za nusu ya mtaa, zimeandikwa kwa kalamu. Wallahi nililiona kwa macho yangu nilipokuja likizo.

Huku, sheria ya ankara za kielektroniki ilipitishwa 2024. Tangu Januari 2025 kampuni zatakiwa ziweze kuzipokea, lakini kuzitoa kumepangwa polepole mpaka 2028, na wadogo kama mimi tumesamehewa kuzitoa. Na zile barua ninazozilalamikia, kila moja juu yake ina jina la karani anayeshika faili langu na nambari yake ya simu. Nikikosea, nampigia. Hucheki naye, lakini atakuambia jaza hapa, futa pale, tuma tena.

Sisi tumeondoa foleni ofisini, na mtu wa kuulizwa akaondoka nayo. Julai 2023 wadukuzi walipoishambulia eCitizen, ilionekana ni mambo mangapi tumeyatundika kwenye msumari mmoja. Huduma Centre, ofisi ya pamoja ya huduma za serikali, ipo, na inasaidia, lakini mwenye duka hawezi kufunga kutwa aende akapige foleni. Wakiweka meza mbili soko la Marikiti na mbili soko la Kongowea, kila mwezi kabla ya tarehe 20 ambayo ritani za VAT hufungwa, na makarani wenye majina yao kifuani, gharama yake haiwezi kuzidi matangazo wanayotubandikia ya kutukumbusha faini.

Nimemweleza dadangu haya yote. Amenijibu niwaandikie wakubwa, yeye ana haraka: kijana wa saiba amepata kazi Nairobi, anahama mwisho wa mwezi, na lile daftari hajasema anamwachia nani.