Vinundu vya Roblox havikuwa pambo tu

Roblox, jukwaa la mtandaoni la kujenga na kucheza michezo, ilipoacha kuchora vinundu (vile vidude vya duara vilivyoinuka) juu ya matofali yake, mwanzoni mwa muongo huu, waliolalamika walipewa jibu moja: wanalilia utoto wao. Jibu hilo limerudiwa mno hadi watu wengi wakaacha kusikiliza malalamiko yenyewe yanasema nini.

Tofali la kawaida la enzi zile lilikuwa na urefu wa vizio 4, upana wa 2 na kimo cha 1.2. Juu yake palikuwa na vinundu 8, na upande wa chini palikuwa na matundu ya kuvipokea. Picha hiyo ilichorwa na injini yenyewe, yaani programu inayoendesha michezo, bila mjenzi kupakia chochote. Ilipoondolewa, haikuondolewa kwenye michezo mipya peke yake. Mchezo uliojengwa miaka mingi kabla nao uliamka ukiwa na pande tupu.

Wahandisi walikuwa na sababu, na si za kubeza. Kila tofali lina pande 6, na kila upande ulikuwa na mpangilio wake wa sura ambao injini ililazimika kuubeba hata pale ambapo mjenzi alitaka upande laini. Mfumo huo ulizaliwa kabla ya mbao, chuma na zege za leo, ambazo zinaakisi mwanga kila moja kwa namna yake. Tena sura hiyo haikuwa picha tupu, kwani iliamua pia kama matofali mawili yatashikana. Mjenzi mgeni aliweka tofali juu ya jingine, likaganda au likaanguka, asijue kwa nini. Kutenganisha sura na kushikana kulikuwa uamuzi mzuri, nami siutetei mfumo wa kale katika hilo. Hata wajenzi wenyewe walikuwa wamevichoka vinundu kwa kiasi fulani: skripti nyingi za zamani, zikishaunda tofali, mara moja huandika TopSurface (sura ya upande wa juu) iwe laini, kwa sababu tofali lililoundwa kwa msimbo lilikuja na vinundu utake usitake.

Lakini angalia kinundu kilifanya kazi gani machoni. Kizio cha urefu katika Roblox, hadi leo, ni upana wa kinundu kimoja, ambao kampuni inaulinganisha na sentimita 28. Mhusika hutembea vizio 16 kwa sekunde asipobadilishiwa mwendo. Kwa hiyo sakafu yenye vinundu ilikuwa imechorwa alama kama za rula, na mchezaji aliisoma bila kufundishwa na mtu.

Chukua mchezo wa kuruka vizuizi. Umesimama ukingoni mwa jukwaa la kijani, mbele yako kuna pengo, na ng'ambo kuna jukwaa jingine la kijani. Zamani ulitazama vinundu chini ya miguu yako, ukaona vile vya ng'ambo vilivyo vidogo kuliko hivi, na jicho likakadiria umbali. Ulipokimbia, vilipita chini yako kwa kasi, ukajua lini uruke. Viondoe. Majukwaa yote mawili yanabaki mabamba ya rangi moja. Kivuli kinasaidia kidogo, nacho kwenye simu dhaifu hupunguzwa au hakionekani kabisa. Mjenzi aliyepanga pengo lile alilipanga akijua mchezaji ana kipimo cha kutazama. Hakuna aliyegusa vipimo vya mchezo wake, lakini umekuwa mgumu kuliko alivyokusudia, na anayecheza leo kwa mara ya kwanza ataona umejengwa hovyo. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kazi ya mtu imebadilishwa, na lawama inamwangukia yeye.

Watetezi wa uamuzi husema vinundu vinaweza kurudishwa: bandika picha inayojirudia kwenye kila upande, au tengeneza aina yako ya plastiki katika mipangilio ya mchezo. Ni kweli, na michezo mingi mipya inafanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mtindo huo umependwa upya. Lakini suluhisho hilo linamhitaji mjenzi aliyepo. Roblox ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006, na sehemu kubwa ya waliojenga miaka ile walikuwa watoto. Wengi wamekua, wameacha akaunti zao, wengine hata nywila hawazikumbuki. Ramani mashuhuri kama Crossroads zina wenyewe, na mashabiki wamezinakili mara nyingi. Nyumba ndogo ya mtoto asiyejulikana haina wa kuibandikia picha.

Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba taarifa haikupotea. Faili la mchezo wa zamani bado limehifadhi kwamba upande huu una vinundu na ule una matundu. Injini inaisoma taarifa hiyo, kisha haichori kitu. Hivyo hoja ya gharama, ambayo ni nzito ikihusu kila tofali la kila mchezo mpya, inapungua nguvu tukizungumzia michezo iliyoachwa. Hapo hakuna anayeomba mfumo wa kale urejeshwe wote. Kinachoombwa ni injini itafsiri taarifa iliyopo kuwa picha ya kawaida ya kubandikwa, ile ile ambayo wajenzi wanaambiwa waibandike kwa mikono.

Mwezi Mei 2024 Roblox iliandaa tukio la The Classic kusherehekea enzi zake za mwanzo. Kampuni inajua thamani ya sura ile. Basi na ianze na michezo ambayo haijahaririwa tangu vinundu viondolewe: iigeuze kwa kutumia taarifa iliyo ndani ya mafaili yake, na mmiliki atakayerudi siku moja akaona hapendi aachiwe kitufe cha kukataa.