Tandika kitambaa kwanza, kioo baadaye

Raba yenyewe ni ndogo kuliko pete ya mtoto. Ni nyeusi, laini, inakaa mdomoni mwa pampu ya kusukumia gundi, pale pampu inapokutana na kioo. Mimi naziba nyufa za vioo vya mbele vya magari hapa Dar es Salaam, nikimfuata mteja alipo. Siku ile raba ilinidondoka Mbezi, nje ya geti la mteja, kwenye mchanga uliochanganyika na majani makavu ya mwembe. Nilipiga magoti nikauchekecha mchanga kwa vidole zaidi ya nusu saa. Mzee mwenye gari akatoka, akasimama karibu yangu, akauliza kwa upole, "Fundi, umepoteza nini?" Nikamwonyesha ukubwa wake kwa ncha ya kidole. Akainama naye, mtu mzima wa umri wa baba yangu, tukawa wawili tunapekua majani.

Hatukuiona. Na tundu la jiwe kwenye kioo nilikuwa nimeshalipanua kwa drili ili gundi ipate njia, maana yake kioo kilikuwa wazi. Mzee alikuwa na safari ya Morogoro mchana ule na haikuwa ya kuahirisha. Nilibandika selotepu juu ya tundu, nikamsihi asielekeze kiyoyozi kwenye kioo, apunguze mwendo kwenye matuta. Jioni akanipigia simu. Ufa ulikuwa umekimbia kutoka upande wa abiria hadi katikati ya kioo. Hicho hakikuwa kioo cha kuziba tena, kilikuwa cha kubadilisha, na gharama niliibeba mimi kwa sababu ilikuwa haki yangu kuibeba. Raba za akiba nilikuwa nazo nne. Zilikuwa nyumbani, kwenye kopo la misumari.

Mzee hakunitukana. Angenitukana ningepata usingizi mapema zaidi.

Tangu siku ile nina msimamo ambao baadhi ya mafundi wenzangu hawaupendi: sisi tunaomfuata mteja alipo, kazi zetu nyingi haziharibiwi na kutojua. Zinaharibiwa na vifaa vilivyotapakaa. Fundi wa gereji ana paa, ana meza, ana msumari ukutani wa kutundikia. Kitu kikimdondoka kinaangukia sakafu ya saruji na jioni kitafagiliwa kionekane. Mimi kiwanda changu leo kipo kwenye maegesho ya ofisi pale Posta, kesho kando ya barabara Tegeta malori ya kokoto yakipita, keshokutwa uani kwa mtu ambako kuna kuku na watoto. Asiyekuja na meza yake mwenyewe atafanyia kazi chini, na chini kuna mchanga.

Wengi hawajui kazi hii inafanyikaje, na bila kuijua utaniona nasumbuka na vidogo. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikipigwa jiwe hakimwagiki kama cha mlangoni. Jiwe linaumiza kioo cha nje tu, linaacha kitundu chenye miguu kama buibui. Ndani ya ile miguu kuna hewa. Tunafunga daraja, yaani kile kishikilio cha pampu chenye vikombe vya kunyonya, tunakaza pampu juu ya tundu, tunaivuta hewa itoke, tunasukuma gundi nyepesi kama maji iingie mahali pake, kisha tunaikausha kwa taa ya UV. Kwisha. Ila chochote kilichoingia humo pamoja na gundi, chembe ya vumbi, tone la jasho, mafuta ya kidole, kinabaki humo maisha yote ya kioo. Huwezi kurudi kukitoa. Pampu iliyolazwa mchangani dakika moja, hata ukiifuta kwa flana, inabeba mchanga kwenda nao ndani.

Na hapa nitaje jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Kioo cha aina hii asili yake ni kitu kilichoanguka. Mwaka 1903 Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ikapasuka lakini vipande vikabaki vimeshikana, kwa sababu ndani mlikuwa na utando wa dawa iliyokaukia humo. Akalifuatilia, na mwaka 1909 akaliwekea hataza. Yeye kilichoanguka kilimpa kitu. Kwetu sisi kifaa kikianguka, kinachukua.

Basi kitambaa. Ninatandika shuka jeupe kabla sijagusa kioo, kabla hata sijafungua sanduku. Linakaa juu ya turubai dogo, turubai linakaa chini. Nasisitiza jeupe. Nina rafiki anayetumia kitambaa cheusi kwa sababu eti hakionyeshi uchafu. Hiyo ndiyo sababu ya kukiacha! Raba ni nyeusi, vifuniko vya pampu ni vyeusi, ncha za drili zina rangi ya kijivu, nyembamba kama mwiba. Juu ya kitambaa cheusi vyote vimekwenda. Juu ya shuka jeupe naiona raba nikiwa nimesimama. Uchafu nao nauona, nalifua, nalianika, kesho linatoka tena.

Jambo la pili, boneti ya mteja si meza. Nitalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu naliona kila siku. Fundi anafika, anamwaga vifaa juu ya boneti ya Harrier ya watu, drili hapa, daraja pale, wembe juu ya waipa. Rangi ya gari ni laini kuliko tunavyodhani, na chini ya drili yako kuna vumbi la kioo. Ukiisogeza kidogo tu umechora. Mimi hata mkanda wangu wa suruali naugeuza, kifungo chake cha chuma kikae ubavuni, kwa sababu kazi yetu inatulaza juu ya gari. Naweka pia taulo kwenye kingo ya bodi ninapoegemea. Mteja akitoka ndani akaona taulo kwenye gari lake kabla hajaona fundi anafanya nini, uso wake unabadilika, na hata maswali yake yanapungua.

Gundi inataka maneno mengi zaidi, maana hiyo ni adui wa jua na sisi tunaishi na jua. Inakaushwa na miale ileile ya UV iliyomo kwenye mwanga wa mchana. Kichupa chake ni cheusi kwa sababu hiyo. Ukikifungua juani saa saba ukakiacha bila kifuniko wakati unahangaika na daraja, mdomo wake unaanza kushikana. Pampu yenye gundi ndani ukiiacha wazi juani, itakaukia humo na pampu imekufa. Mara moja niliacha kichupa wazi juu ya dashibodi, dakika za kwenda kununua maji tu. Niliporudi kilikuwa na kizibo kigumu cha uwazi, kizuri kutazama, ambacho nilikikata kwa wembe bila mafanikio.

Kwa hiyo natembea na mwavuli mkubwa, ule wa aina wanayokaa chini yake mawakala wa miamala ya simu, na kitako chake cha zege kilichomwagwa kwenye ndoo ya rangi. Ni mzigo, sikatai, bajaji inalalamika. Lakini mwavuli unanipa mambo matatu kwa pamoja. Unafunika kioo, na kioo kilichopoa kinapokea gundi vizuri. Kile chenye moto ufa wake uko tayari kukimbia ukikigusa tu. Unafunika shuka langu. Na unanifunika mimi, jasho lisidondokee kwenye tundu. Wapo wanaomwagia kioo maji ya baridi ili kipoe haraka. Jamani, msifanye hivyo. Kioo chenye moto kikikutana na maji ya baridi, ufa unatembea mbele ya macho yako. Hamishia gari kivulini, fungua madirisha, subiri.

Vichupa vyenyewe navitunza ndani ya hotipoti ndogo ya chai, ya mdomo mpana, isiyo na barafu. Barafu inaleta umande, na umande ndani ya tundu ni ubaya uleule wa vumbi. Hotipoti inazuia joto la kwenye bajaji lisiipike gundi njiani, basi, na haipitishi mwanga. Mke wangu aliitafuta siku mbili kabla hajagundua imekwenda kazini.

Sanduku ni la kawaida la plastiki, la kufunga kwa vishikio viwili. Kilicho changu ni tumbo lake. Mwanzo nilitumia sponji ya godoro kuukuu, nikakata vyumba vya vifaa. Ilinipoteza, kwa sababu sponji ya godoro ikizeeka inamomonyoka, na vile vipunje vya njano nilivikuta kwenye vikombe vya kunyonya, daraja likawa linaachia katikati ya kazi. Nikahamia kwenye sponji ngumu ya kandambili, ile wanayouza kwa shiti kabla haijakatwa. Haidondoshi chochote. Nimechora kila kifaa umbo lake, nikakata kwa wembe, na chini ya kila shimo nimebandika karatasi nyekundu. Kifaa kisipokuwepo, wekundu unaniambia. Kabla sijaondoka kwa mteja nafungua sanduku mara moja tu, natafuta wekundu. Hakuna, nafunga.

Kwa wanaofanya kazi karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, kuna shida ya ziada. Hewa ya chumvi inakula ncha za drili na nyuzi za pampu, na suluhisho la haraka ni mafuta ya cherehani. Ni sawa, lakini mafuta na kioo hawakai nyumba moja. Vile ninavyopaka mafuta vina kijisanduku chao, mbali kabisa na pampu, vikombe na flana za kufutia, na navifuta kwa spiriti kabla havijakaribia kioo. Wakati wa masika natupia humo vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waombeni wauza viatu Kariakoo, wao wanavitupa.

Wembe unastahili sheria yake peke yake. Tunautumia kukwangua gundi iliyokauka juu, na ukishafanya kazi hiyo ncha yake imekwisha. Nimewaona watu wanautupa mtaroni. Watoto wa mitaa yetu wanatembea pekupeku. Mimi nyembe zilizotumika naziingiza kwenye chupa ya maji ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipande vya kioo, na chupa ikijaa naifunga kwa selotepu ndipo inatupwa. Sioni kwa nini jambo hili lihitaji kubishaniwa.

Wenzangu wananiambia napoteza muda. Wanasema kutandika na kukunja kunanila dakika kumi na tano kwa kila gari, na hesabu yao ni ya kweli. Mtu mwenye mkataba wa magari ya kampuni, anayezibia vioo vinane uani kwa siku moja, hatatandika mara nane. Atatandika mara moja na kazi itakuwa safi vilevile. Sina ugomvi naye. Ninaowazungumzia ni wale wa gari moja hapa, jingine kule, wanaobeba kila kitu kwenye begi la mgongoni, daraja likigongana na taa, halafu wanashangaa kwa nini taa imepasuka na kwa nini vikombe havishiki tena. Hizo dakika kumi na tano wanazilipa, tena kwa riba, isipokuwa wanazilipa siku nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyowafundisha vijana. Kijana anakuja leo, kesho anashikishwa pampu kwa sababu anatamani kushika pampu na sisi tumechoka. Kifaa hakijui jina, mahali kinapolala hapajui, anachojua ni kukaza na kulegeza. Wa kwangu wa sasa nilimwambia wazi, mwezi wa kwanza ni shuka, mwavuli na sanduku. Alinuna. Nadhani aliwaeleza rafiki zake kwamba amepata bosi mwenye matatizo.

Wiki iliyopita tulikuwa Mikocheni kwa dada mmoja, kazi imeisha, kioo kinang'aa, nimeshapokea hela na bajaji imewashwa. Kijana wangu akanishika mkono. "Fundi, subiri. Kuna chekundu kimoja." Nikamwambia twende, tutaangalia mbele ya safari. Akakataa, kijana wa miaka kumi na tisa, akakataa kabisa kupanda. Akarudi kwenye gari la dada, akapitisha macho, akainua waipa taratibu kwa vidole viwili. Wembe wangu ulikuwa umelala pale chini, pembeni kidogo ya mahali mtoto wa dada yule alipokuwa ameweka mkono wake akitutazama tunafanya kazi.

Jumatatu ataanza kushika pampu.