Kupatwa kwa Jua Chini ya Tanga

Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete ya mwanga ukingoni, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa mbali na dunia kiasi cha kushindwa kulifunika jua lote. Watu wenye akili zao waliotaka kuiona pete hiyo hapa Tanzania walipanda basi wakaenda Rujewa, wilayani Mbarali, wakasimama uwanjani, wakaiona, wakarudi makwao. Sisi tulipanda mashua Mtwara.

Wazo lilikuwa la jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye mimi na shemeji yangu tulikuwa hatujawahi kumshinda katika mjadala wowote. Alikuwa amesoma kwamba Machi ya mwaka huohuo, jua lilipopatwa kikamilifu nchini Indonesia, baadhi ya wageni walilitazama wakiwa baharini katika meli za kitalii, kwa hoja kwamba chombo kikizibiwa na wingu kinaweza kusogea, ilhali aliyekwisha kuweka kiti chake uwanjani hana la kufanya ila kulitazama wingu. Alituonyesha ramani aliyoichora kwa penseli, yenye njia ya pete ikipita kusini mwa Tanzania, ikaingia kaskazini mwa Msumbiji na kuvuka bahari hadi Madagaska, upana wake kilomita 100 hivi. Pale pete ingekaa muda mrefu zaidi, ingedumu dakika 3 na sekunde chache. Kwa hesabu zake, tulichotakiwa kufanya ni kuupita mdomo wa Mto Ruvuma na kuteremka kusini mpaka ndani ya njia hiyo, na kwa kuwa tusingekanyaga nchi kavu ya Msumbiji, aliona hati za kusafiria ni anasa.

Nahodha, mzee mtulivu wa Mikindani, aliisikiliza ramani hiyo mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

“Na kusi, Mwalimu, umemweka wapi?”

Mwalimu alijibu kwamba upepo ni jambo linalobadilika, wakati mwendo wa mwezi unajulikana kwa sekunde. Nahodha aliitikia kwa kichwa, akapokea arbuni, akaikunja vizuri na kuifutika kiunoni.

Hapo yafaa niseme kwamba meli za kitalii huwa na injini. Mashua yetu nayo ilikuwa na injini, ila injini yenyewe ilikuwa kwa fundi.

Kusi, kama kila mtoto wa pwani ajuavyo, huvuma kutoka kusini, na sisi ndiko tulikokuwa tukienda. Mkondo wa bahari nao huelekea kaskazini, kwa hiyo vyote viwili vilikubaliana juu yetu. Tukaanza kupiga bisho: tunakwenda mashariki mpaka pwani inafifia, tunapindua, tunarudi kusini magharibi, na nchi inapojitokeza tena tunakuta minazi ileile tuliyoiacha. Mwalimu alikuwa akipima mwendo kwa simu na kututangazia kwamba tunakwenda kasi ya kuridhisha sana, jambo ambalo lilikuwa kweli. Shemeji, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya ubavu wa chombo kwa sababu zake binafsi, aliomba aelezwe tunakwenda wapi kwa kasi hiyo, na hakujibiwa.

Usiku Mwalimu alitusomesha kwamba jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapokuwa kati yake na dunia, na kwamba jua na mwezi vikipangana hivyo, huivuta bahari kwa pamoja ikawa bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida. Somo lilikuwa sahihi kabisa, ila liliishia hapo. Kulipokucha siku yenyewe ya tukio, tulikuwa bado upande wa Msimbati, kabla ya mdomo wa Ruvuma, na nahodha alikuwa amesogeza chombo karibu na pwani kukwepa mawimbi. Saa mbili asubuhi, maji ya bamvua yakipwa kwa nguvu, mashua ikapanda fungu la mchanga, ikainama, ikatulia.

Mwalimu alifurahi kuliko nilivyotarajia. Pete tulikuwa tumeikosa, alisema, lakini hapo tulipo karibu sehemu tisa katika kumi za jua zingefunikwa, na chombo kilichokwama hakiyumbi. Alivaa miwani yake maalumu ya kutazamia jua, ambayo kwayo mtu haoni kitu kingine chochote duniani, akakaa kitako akielekeza uso juu, akatukabidhi saa na daftari. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja la kukimbia. Nahodha na mabaharia wake walishuka mchangani wakaswali swala ya kupatwa kwa jua, na mwanga ukaanza kupungua, na joto likapungua nao.

Saa sita ilipopita kidogo, jua likiwa limebaki ukucha, maji yaliyokuwa yakijaa yakaifikia mashua na kuinyanyua. Nahodha hakuwa mtu wa kuyaacha maji ya namna hiyo. “Tweka!” alisema. Foromali, mti unaoshika tanga, ikapanda, tanga likajaa na kulala upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, kaskazini, na jua la adhuhuri mwezi Septemba katika pwani hiyo liko kaskazini.

“Limezimika lote!” Mwalimu alipiga ukelele. “Kupatwa kamili! Andikeni saa! Sikukokotoa hivi!”

Hatukuandika chochote, maana tulikuwa tunacheka. Tanga hilo lilikuwa kuukuu, lenye matundu mengi ya panya na sindano, na kila tundu lilipitisha sura ya jua kama lilivyokuwa muda ule, hata hilali ndogondogo zisizohesabika zikawa zinatembea juu ya kipara cha Mwalimu, zikishuka shingoni na kupanda tena kila chombo kilipoyumba. Shemeji alisahau kichefuchefu chake. Nilipomvua Mwalimu miwani, aliona viraka.

Tulirudi Mtwara kwa saa chache tu, kusi ikitusukuma mgongoni. Pale ufukweni Mwalimu alieleza, kwa hesabu zisizopingika, kwa nini nauli inapaswa kupunguzwa, ikiwa tulikodi chombo kitufikishe kwenye pete na pete hatukuiona. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, kama mara ya kwanza.

“Mimi nauli yangu ya baharini, Mwalimu,” alisema. “Ya huko juu kamdai mwenyewe.”