Mkasi wa kitambaa si wa karatasi

Jamani, nani tena amechukua mkasi wangu wa kitambaa? Jana nimeukuta jikoni, makali yamejaa gundi, pembeni vipande vya boksi. Mkasi huo nimeufunga utepe mwekundu kwenye mpini, nimesema, nimeuficha kwenye droo ya cherehani chini ya nyuzi. Bado wanajua ulipo kuliko mimi.

Karatasi si laini kama inavyoonekana. Nyingi huchanganywa na madini kiwandani, udongo mweupe au chokaa, ili ziwe nyeupe na nyororo, na madini hayo hula makali kidogo kidogo. Mkasi ukishakuwa butu haukati pamba, unaitafuna. Kitambaa kinajikunja katikati ya makali, ukingo unatoka na meno. Nami nashona blanketi la viraka, ambako upande wa mshono huachiwa robo inchi tu! Kila kiraka kikipungua milimita 2, safu ya viraka 10 inapungua sentimita 2, na haikutani tena na safu iliyo chini yake. Hapo ni kufumua. Usiku, wenzangu wamelala.

Kinachoniuma zaidi, blanketi lenyewe ni la mtoto huyohuyo aliyekatia mkasi huo picha za shule. Pini zikipotea navumilia. Meza ikitakiwa kwa chakula, nakusanya vitu vyangu nahama. Lakini mkasi, hapana. Wa karatasi upo, wenye mpini wa bluu, unaning'inia ukutani. Chukueni huo.