Gunzi la Marafa

Kabla hamjanicheka, nipeni nafasi niseme kwamba wazo la milima halikuwa langu. Lilikuwa la Komando.

Komando si mwanajeshi. Ni fundi wa mafriji hapa Malindi, na jina alilipata kwa ajili ya buti za jeshi alizonunua mitumba. Zinampwaya, kwa hiyo akitembea zenyewe zinapiga kwata. Mwezi ule alikuwa amenunua pikipiki. Aliyemuuzia alisema ni ya mkono wa pili. Mimi nilipoiangalia nikahesabu mikono minne au mitano, mmoja wao wa mtu aliyependa sana kutumia waya badala ya bolti.

Tangu siku hiyo kazi yake ikawa simu. Anatazama video za watu wanaopanda milima kwa pikipiki: barabara imejikunja kama utumbo, ukungu huku, bonde kule, na mtu katikati amelalia kona. Jioni moja akaja barazani, akaweka kahawa chini, akanitazama mimi peke yangu.

"Wikendi hii, milima."

"Milima ipi?"

Maana Malindi mlima hatuna. Kitu kirefu tulicho nacho ni ile nguzo ya Vasco da Gama kule jabalini, nayo si ya kupandwa kwa pikipiki. Komando alianza na Taita, kule Wundanyi. Tukapiga hesabu ya petroli, Taita ikafa hapo hapo. Ikabaki Marafa.

"Komando, Marafa ni shimo."

"Shimo ni nini," akasema, "kama si mlima uliopinduliwa? Ukisimama chini ukatazama juu, uko wapi? Uko milimani."

Sikuwa na jibu. Mimi mtu akisema upuuzi kwa sauti ya uhakika huwa nashindwa. Ndivyo nilivyouziwa jogoo nikaambiwa ni tetea wa mayai, ni mchanga tu, nimpe muda.

Tena alikuwa na sababu ya pili. Mkewe ni mjamzito, na roho yake ilikuwa imeshika mgando wa kwao. Si mgando wa dukani, si wa jirani; wa kwao, kwa kaka yake, kijiji kimoja mbele ya Marafa. Kwa hiyo safari ya milima ilikuwa na baraka za nyumbani, mradi turudi na maziwa.

Tukaondoka Jumamosi adhuhuri, ingawa tuliagana saa mbili asubuhi. Helmeti zilikuwa mbili. Ile yenye kioo akavaa yeye, kwa kuwa ndiye dereva. Isiyo na kioo ikawa yangu. Kumbukeni hilo.

Daraja la Sabaki tulilivuka kwa mbwembwe. Mto ulikuwa na rangi yake ile ya chai ya maziwa, udongo wa bara wote unateremka kuja kuchafua ufuo wetu. Komando akanipigia kelele kwamba mto huu huu huko juu unaitwa Galana, na juu zaidi unaitwa Athi. "Mto mmoja, majina matatu! Kama mtu mwenye madeni!" Nikacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilicheka siku ile.

Tukaacha lami, tukashika njia ya Marikebuni. Barabara ya vumbi ikishapitwa sana na magari hufanya vituta vidogo vidogo, mfululizo, kama bati. Pikipiki ikipita juu yake, meno yanaongea yenyewe. Mbele ya hapo kuna vilima, na Komando alipoviona akainama juu ya tangi kama wale wa kwenye simu. Tukapanda. Nusu ya kilima injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

"Hakuna neno," akasema. "Naweka rizavu."

Akapeleka mkono chini kwenye koki ya petroli. Akakaa nao huko kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Vipi?"

"Iko rizavu."

"Umeiweka?"

"Ilikuwa rizavu."

Tangu lini, hakujua. Pengine tangu mkono wa tatu. Rizavu si tangi la pili, ndugu zangu. Ni yale mafuta ya chini kabisa ya tangi lile lile, na koki ikiwa tayari imeelekezwa huko, ukikwama umekwama. Tulisukuma. Yaani mimi nilisukuma. Yeye alishika usukani na kuniambia nisukume. Wauza mananasi kando ya njia walitutazama kwa huruma, kisha mmoja akatuuliza kama tunataka nanasi.

Petroli tuliipata jioni, kwenye chupa za soda zilizopangwa juu ya kibao. Marafa tuliipita gizani bila kuona mlima wala shimo.

Kwa shemeji yake tulipokewa vizuri mno, sina cha kusema. Tukala sima na mboga ya mchunga, tukalala. Asubuhi maziwa yalikuwa tayari: dumu la njano la lita kumi, lililokuwa la mafuta ya kupikia, limejaa mgando mpaka shingoni. Kifuniko kilipotea zamani, kwa hiyo mdomoni palikuwa na gunzi la mahindi lililoviringwa kitambaa. Mwenye nyumba, mke wa shemeji, akatuambia kwa upole:

"Mkifika njiani simameni, mulifungue lipumue. Yakitikiswa na jua hili, yanafura."

"Sawa, dada," akasema Komando.

Yule mama alipoingia jikoni, Komando akalitazama lile gunzi kwa macho ya fundi. Akasema likiachwa hivi litamwaga. Akachukua ukanda wa mpira wa tyubu, akaliviringa gunzi na shingo ya dumu, mara moja, mara mbili, mara saba, akakaza kwa meno.

"Hapo," akasema, "hata hewa haitoki."

Alisema kweli.

Dumu nilipakatishwa mimi. Lilikaa baina yetu, mdomo umeelekea kisogoni kwake. Jua la saa nne lilikuwa limeshakasirika, na ile barabara ya bati ikaanza kutukoroga wote watatu: Komando, mimi na mgando. Baada ya muda nikahisi dumu limebadilika. Mbavu zake zilizokuwa zimebonyea zilikuwa zimetoka nje. Nikaligonga kwa kidole. Likajibu kama ngoma.

"Komando, simama. Dumu limevimba."

"Nini?"

"Limevimba!"

"Nani kavimba?"

Nikaliona gunzi likisogea. Polepole, kama konokono anayechungulia. Ule mpira ulikuwa umenyooka mpaka ukawa mweupe. Nikataka kuziba kwa kiganja, kisha nikawaza: je, likinitoa vidole? Katika kule kuwaza, mpira ukakatika.

Upande wa bahari kutoka hapo ni Ngomeni, ambako Wataliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini, ya kwanza 1967, ya mwisho 1988. Mimi nasema tangu walipoacha, sehemu zile hakijarushwa kitu kwa nguvu kama lile gunzi. Lilimpata Komando kwenye helmeti, KO!, likapaa, na sijui lilianguka wapi mpaka leo. Nyuma yake ukaja mgando. Ulitoka kwa mkupuo mmoja, ukagonga kisogo cha helmeti yake, ukageuka, ukaja kwangu. Nami sina kioo.

Komando alidhani tumepigwa risasi. Akapiga kelele "Nimekufa!" akakanyaga breki ya nyuma. Mimi nilikuwa sioni, nimekumbatia dumu linalotapika, na nikaona ni aibu kumwacha afe peke yake, nikapiga kelele nami. Pikipiki ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikaingia kwenye mchanga wa kando ya njia na kulala chini taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Sisi tukalala pamoja nayo. Dumu likaja likamalizia lililobaki juu ya kifua changu: glu, glu, glu.

Kimya. Kisha Komando, akiwa chali, akajipapasa kisogo, akatazama kiganja chake cheupe.

"Ubongo," akanong'ona.

Nikalamba mdomo. "Mgando."

Hakuna aliyeumia, ila goti langu lilichubuka na buti moja ya Komando ilibaki njiani. Lakini mgando una tabia yake. Ukikaukia mwilini kwenye jua unakuwa ganda, na vumbi jekundu la kule likiushika, mtu anafanana na ukuta uliopakwa chokaa na fundi mlevi. Halafu wakaja nzi. Nao walikuja kama watu walioalikwa. Maji hatukuwa nayo, na pahali pa karibu penye watu palikuwa pale pale tulipokusudia kwenda: Nyari, penyewe kwenye shimo.

Sasa, kama hamuijui hadithi ya Nyari, naisimulia hapa upesi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini siku hizi sipiti Marafa. Ni korongo kubwa la udongo na mawe laini, mvua na upepo vimelichonga miaka mingi, limebaki na minara na kuta za rangi tabaka kwa tabaka: nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu ya damu. Watalii wamelibandika jina la jiko la jehanamu. Wagiriama wanaliita Nyari, pahali palipovunjika penyewe, na wazee wanasimulia kwamba hapo palikuwa na watu matajiri wa ng'ombe, wakawa wana maziwa mengi hata wakawa wanayaogea. Mungu akaona huo ni ufujaji, usiku mmoja akawazamisha, wao na mji wao.

Basi sisi ndio tuliofika pale langoni Jumapili mchana, tumeoga maziwa kuanzia nywele mpaka kucha.

Chini ya mti alikuwa amekaa mzee mmoja, anayewatembeza wageni, na mbele yake Wataliano wawili, mume na mke, anawasimulia kwa Kitaliano safi. Nadhani alikuwa amefika kwenye maziwa. Akainua macho. Mkono ukabaki hewani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alinusa. Akamtazama Komando, akatazama mguu wake usio na buti, akarudi kwangu.

"Hayo ni maziwa?"

"Ni mgando, mzee," akasema Komando, kana kwamba hiyo ilikuwa nafuu.

"Mumeoga."

"Hatukuoga, mzee. Yametumwagikia."

"Na wale wa zamani pia," akasema yule mzee, "labda walisema hivyo hivyo."

Tukaomba tuingie tuone korongo, na tulipie kama wananchi. Akasimama kabisa, akafungua mikono kama mlinda lango.

"Hamushuki. Mara ya kwanza ulizama mji mzima. Nyumba yangu ni ile pale, yenye bati jipya. Sijamaliza hata kulilipia."

Mtaliano mwanamke akauliza jambo, mzee akamjibu maneno machache bila kututoa macho. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba yule mama alishika kifua, akasema "Mamma mia," na mumewe akatupiga picha kama kumi. Mpaka leo kuna nyumba Italia ambapo mimi ni mila na desturi.

Maji tulioga ya kununua, dumu zima la lita ishirini, na sehemu zile maji si ya mchezo. Tulioga nyuma ya choo, watoto wakihesabu vikombe. Mbuzi mmoja alikula ganda lililotoka kwenye shati la Komando, akarudi kutafuta zaidi. Ndipo mzee akaturuhusu kusogea, si kushuka, kusogea tu ukingoni, yeye akiwa nyuma yetu.

Ni kuzuri. Nasema haki ya Mungu, nilisahau nzi. Zile rangi zinateremka chini kama kanga zilizoanikwa, na upepo unatoka huko ndani umebeba joto kama mlango wa tanuri. Komando akavuta pumzi, akaweka mikono kiunoni.

"Si nilikwambia? Mlima."

Na hapo hapo, ng'ambo ya pili, kipande cha ukingo, kiasi cha mkokoteni mmoja, kikachomoka na kuporomoka. Vumbi likapanda. Ni jambo la kawaida, shimo lenyewe ndivyo linavyokua. Lakini mzee hakutazama vumbi. Alitutazama sisi.

"Tunaenda, mzee," nikasema.

"Nendeni," akasema.

Malindi tuliingia jioni, kimya. Mke wa Komando alikuwa mlangoni, na bakuli mkononi. Sitasimulia yaliyosemwa, mengine yalihusu ukoo wangu, ambao haukuwemo safarini. Barazani nako habari ilitangulia, na mzee wetu mmoja anayependa mambo ya kale aliisubiri zamu yake, akapuliza kahawa, akasema: "Watu wa mji huu mwaka 1415 walimfikisha twiga Uchina. Twiga! Mzima! Ninyi mmeshindwa na mgando, safari isiyofika kilomita hamsini."

Jumanne shemeji alipiga simu. Hakuuliza kuhusu maziwa, dada yake alishamweleza. Alitaka dumu lake.

Komando amekuja jana usiku, buti mpya, anasema tulipeleke Jumamosi, tena safari hii amepata njia nyingine, yenye kona zaidi. Nimemwambia dumu tupu lita kumi linaingia vizuri kwenye matatu, na kondakta si mtu mjinga. Ameondoka amenuna. Koki, nimeichungulia wakati anawasha: iko rizavu.