Kiwanja cha Rezko na muhuri wa Kibirizi

Kwenye kahawa ya jioni Ujiji, kesi ya kiwanja huamuliwa kabla ya kikombe cha pili. Juzi ilikuwa zamu ya Tony Rezko, mfanyabiashara wa nyumba wa Chicago, kijana mmoja akishikilia kwamba tapeli yule alimhonga Obama kwa ardhi.

Juni 2005 Obama na mkewe walinunua nyumba kwa dola milioni 1.65, pungufu ya bei iliyotangazwa kwa dola 300,000. Siku hiyohiyo mke wa Rezko akanunua kiwanja cha pembeni kwa dola 625,000, bei kamili. Mwanzoni mwa 2006 Obama akauziwa moja ya sita ya kiwanja hicho kwa dola 104,500.

Kijana haoni cha kujadili: huyu kapunguziwa, yule kalipa yote, kwa hiyo pengo limezibwa kwa mlango wa nyuma. Si hoja ya kupuuza. Rezko alimchangishia Obama fedha za kampeni kwa miaka, na Obama mwenyewe alikiri kwamba biashara ile ilikuwa kosa la kijinga.

Ila pigeni hesabu. Moja ya sita ya 625,000 ni 104,000 na kidogo. Alilipa bei ileile. Aliyeuza nyumba naye alisema ofa ya Obama ndiyo ilikuwa nono kuliko nyingine. Obama hakushtakiwa.

Kwangu mimi, kiwanja kile kimeziba macho. Juni 2008 Rezko alitiwa hatiani kwa makosa 16 kati ya 24, na kiwanja hakimo. Kosa lake lilikuwa kuwatumia watu wake ndani ya bodi za jimbo la Illinois, ya pensheni za walimu na ya vibali vya hospitali, kukamua waliotaka kazi au vibali. Aliyeteua wajumbe ni gavana Rod Blagojevich, ambaye Rezko alimchangishia pia. Rezko alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na nusu, gavana 14, ingawa gavana alitolewa gerezani na Trump 2020 na kusamehewa naye 2025.

Naliona hivyo kwa sababu nimeumia. Niliponunua kiwanja Kibirizi nikakuta kina mwenyewe, nilimtukana dalali hadi sauti ikakauka. Siku tulipolaza karatasi zetu mbili mezani, muhuri ulikuwa uleule wa zambarau, sahihi ileile, tarehe zimepishana siku tisa. Ule muhuri dalali hakuwa nao. Kuna mwenye muhuri aliyepelekewa karatasi, naye akagonga.

Nikitaka kumbana Obama, basi si kwa kiwanja. Kampuni ya Rezko ilikarabati majengo 30 ya wapangaji maskini kwa mikopo ya umma. 11 yalikuwa katika eneo ambalo Obama aliliwakilisha kwenye seneti ya Illinois. Jengo moja lilikaa bila joto zaidi ya mwezi, baridi ya Januari 1997, na mwezi huohuo kampuni ikamchangia dola 1,000. Kahawa iliisha, na hao wapangaji hakuna aliyewataja.